Uwanja wa kikapu uani kwetu



Wanangu walipong'ang'ania goli la kikapu nyumbani, nilichukua futi kamba nikapima. Uwanja kamili ni mita 28 kwa 15. Ua wetu hapa Chumbageni, hata ningeukata mwembe wa marehemu baba (na siukati wala sithubutu), haufiki nusu. Tukamwaga zege mita 8 kwa 7, ringi moja, mita 3.05 kutoka chini. Watoto hawadai zaidi.

Kilichonitia uchungu ni fundi. Alileta mchanga wa ufukweni kwa kuwa hauuzwi, akasema zege likimwagiwa maji siku mbili limetosha. Wenzetu wa pwani, msikubali! Mchanga ule una chumvi, na chumvi hula nondo kimyakimya. Daini mchanga wa mtoni, na zege linyweshwe siku saba angalau. Tena sakafu iinamishwe sentimita moja kwa kila mita. Yangu iliachwa bapa, masika yalipofika bata wa jirani wakahamia. Nguzo nayo ipigwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kusimikwa, maana upepo wa bahari hausubiri.

Bibi wa nyumba ya pili aliomba jambo moja tu: adhana ya Magharibi ikilia, mpira ulale. Tumekubaliana. Ila watoto wa mtaa mzima sasa wanashinda kwangu, na maji ya mtungi yanakwisha kabla ya alasiri.

Mzazi,
Chumbageni, Tanga