Hesabu ya Opsheni na Hukumu Yake

Kijana mmoja wa chuo kikuu ameniuliza iwapo aliache somo la kukokotoa bei za opsheni. Opsheni, ndugu msomaji, ni haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokwishapangwa, pasi na kulazimika. Na haki hiyo yenyewe huuzwa.

Mlinganyo wake mashuhuri ulichapishwa na Fischer Black na Myron Scholes mwaka 1973. Lakini opsheni ikiruhusiwa kutumiwa siku yoyote kabla ya mwisho wake, kwa kawaida hapana kanuni fupi ya kuipatia bei. Basi bei na muda hugawanywa kama miraba ya daftari. Kompyuta huanzia siku ya mwisho, ambayo thamani yake yajulikana, ikarudi nyuma hatua kwa hatua. Kwa njia iliyo nyepesi, ukipunguza kipande cha bei kwa nusu, kipande cha muda sharti kiwe robo, la sivyo majibu huvurugika. Njia ya John Crank na Phyllis Nicolson ya mwaka 1947 haifungwi na sharti hilo, hivyo huokoa kazi nyingi.

Elimu hii sioni ubaya wake. Mlinganyo huo ni ndugu wa ule wa joto linavyosambaa katika chuma. Tatizo ni mkataba. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, Jeddah, mwaka 1992, liliamua kuwa opsheni haijuzu, kwani kinachouzwa si mali, si manufaa, wala si haki ya kifedha inayofaa kubadilishwa. Wapo wanaoilinganisha na arbuni waliyoiruhusu Mahanbali. Ila arbuni huhesabiwa ndani ya bei ya bidhaa, na malipo ya opsheni hayahesabiwi.

Nimemwambia aendelee na somo, ila kazi ya kuziuza asiiombe.