Tatuu ya zamani haikufungii mlango wa msikiti



Wewe uliyesilimu na mkononi bado una tatuu ya zamani, msalaba uliofifia au jina la mtu mlioachana kitambo, haya ni yako. Na wewe uliyezaliwa Muislamu ukachorwa ukiwa chuo, kaa hapo hapo usome.

Kwanza, wacha kujimwagia asidi ya betri au kujichoma na pasi. Asidi haichagui wino, inakula nyama, na kovu litakuwa baya kuliko hiyo tatuu.

Haramu ni haramu, hatupindi. Hadithi ya kulaaniwa mchoraji na mwenye kuchorwa iko katika Bukhari na Muslim. Lakini mtu akikwambia udhu wako haushiki, muulize maji yanagusa wapi. Wino uko chini ya ngozi, si kama rangi ya kucha inayokaa juu na kuzuia maji. Tuseme ukweli pia: mzee anayekukazia macho hajatunga neno. Wanazuoni wa Kishafii walisema mahali pale pana najisi kwa sababu ya damu iliyoganda na wino, basi paondolewe ikiwezekana. Ila Imam Nawawi, aliyefariki 1277, akaendelea: ukihofia kiungo kuharibika, au kubaki na dosari mbaya mahali panapoonekana, si wajibu. Ukitubu huna dhambi tena. Mbona hiyo nusu ya pili haisomwi?

Leza ipo. Mwanga wake unavunja wino vipande vidogo, mwili unavisafisha polepole, na utarudi mara kadhaa kwa miezi. Si bei ya chinsaga! Ngozi yetu nyeusi inaweza kubaki na mabaka, kwa hivyo anza na daktari wa ngozi. Huna pesa? Usiuze ng'ombe wa mama. Tubu, vaa mikono mirefu, swali. Na usichore ingine juu ya ile ya kwanza.

Sasa nyinyi wa kamati za misikiti. Binti yetu akizuiwa hijabu shuleni tunataja Kifungu cha 27 na cha 32 cha Katiba ya 2010. Halafu kijana wa Keroka aliyesilimu juzi asukumwe safu ya nyuma kwa sababu ya mkono wake? Nani amewapa kazi hiyo?

Ukizuiwa msikitini tuandikie hapa kwa siri, utaje msikiti na siku. Tutakuja kuongea na kamati, na wewe ukiwepo ukitaka.