Andika Kabla ya Kusimuliana

Ndugu mwananchi, umewahi kukuta bodaboda imegongana na gari? Watu hujaa mara moja. Huyu anasema gari lilikuja mbio, yule anasema pikipiki haikuwasha taa. Trafiki anapofika, maelezo yameshakuwa mamoja, na kila mtu anayatoa kwa moyo safi. Sasa nani aliona, na nani alisikia?

Anayechanganya si mwongo. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Arizona, Almut Hupbach na wenzake waliwafundisha watu vitu 20, kimoja kimoja kikitiwa kwenye kikapu cha buluu. Baada ya siku mbili wakawafundisha vitu vingine, baadhi yao katika chumba kile kile, wengine katika chumba kigeni. Zilipopita siku mbili tena, wakaambiwa: tajeni vile vya kwanza. Waliorudishwa chumba cha awali walivichomekea vya pili humo humo. Waliobadilishiwa chumba hawakuchanganya hivyo.

Unaona? Mahali pale paliamsha kumbukumbu ya zamani, na habari mpya ikapata pa kuingilia. Basi fikiria sisi tunaosimama palepale penye ajali tukisimuliana.

Nyumbani mambo huenda tofauti kidogo. Watafiti hao walipojaribu kwa watoto wa miaka 5 majumbani mwao, nyumba yenyewe haikuamsha kitu, kwa kuwa mtoto yumo humo kila siku. Kilichoamsha ni kurudi kwa mtafiti yule yule wa mara ya kwanza, na swali lake kuhusu siku ile.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, maswali yetu yana uzito. Mwanao akirudi kutoka shuleni analia, goti limechubuka, utamwuliza nini? Ukianza na "Ni yule jirani aliyekusukuma, siyo?", jirani anaweza kuingia katika kisa ambacho hakuwamo. Mwulize tu, "Ilikuwaje, mwanangu?" Kisha nyamaza, hata akikawia.

Na kazini? Msimamizi, mtu akiumia kwenye mashine, mpe kila aliyekuwepo karatasi, akae pembeni aandike kabla hamjakusanyika pale kujadiliana.

Barabarani, simu yako inatosha. Jiandikie ujumbe: saa, mahali, ulichokiona kwa macho yako. Uliyoambiwa na wengine yaandike pia, ila chini, peke yake, na useme umeyasikia.