Kazi ya mpishi hailipiwi kwa simu

Kwa mpishi, Pwani ina kalenda yake. Hoteli za Diani, Watamu na Malindi huongeza watu jikoni kuelekea Agosti na Desemba, wageni wanapojaa. Mvua ya masika ikifika, baadhi hupunguza wafanyakazi, nyingine hufunga kwa muda.

Matapeli nao wanaijua kalenda hiyo. Ndiyo maana Novemba unapata meseji: "Kazi ipo Diani, tuma 1,500 ya usaili na sare." Msimamo wetu ni mmoja: usitume. Anayetaka mpishi kwa kweli atakuita upike, aonje. Ataulizia cheti cha afya, si pesa, na PIN yako haimhusu.

Je, kazi ni ya Dubai au Doha? Hakikisha kwanza kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA.

Bado una shaka? Pigia hoteli yenyewe, si ile namba ya kwenye meseji. Pesa ikishatumwa na kutolewa, kuirudisha ni kibarua. Hiyo 1,500 iweke, ikusaidie nauli siku ukiitwa jikoni.