Presha ya Mathe Si Chumvi Peke Yake

Wasee, hii imenikaa rohoni. Mama akipatikana na presha, lawama zote ni zake. Ati chumvi. Ati mawazo. Ati hafanyi mazoezi. Mathe wangu amepunguza chumvi mpaka sukuma inakaa nyasi. Sawa, daktari hajakosea, na dawa zake anameza kila siku. Lakini kuna mshukiwa mwingine ambaye hatajwi kabisa.

Zinaitwa PFAS, kemikali za milele. Ziko maelfu. Ndizo hufanya mayai yasishike kwenye pani, mafuta yasipenye karatasi ya chakula na mvua iteleze kwenye jaketi. Haziozi, na zingine zikiingia kwa damu zinakaa miaka.

Huko Parkersburg, Marekani, DuPont ilianza kutumia moja yao, PFOA, mwaka wa 1951. Ikaingia kwa maji ya kunywa. Ng'ombe wa mkulima Wilbur Tennant wakaanza kufa, wakili Rob Bilott akaenda kortini. Damu ya watu karibu 69,000 ikapimwa. Wanasayansi wakaihusisha PFOA na magonjwa 6, na mojawapo ni presha ya uja uzito. Mwaka wa 2017, DuPont na Chemours wakakubali kulipa dola milioni 671.

Halafu 2022, utafiti kwenye jarida la Hypertension ulifuatilia wanawake zaidi ya 1,000 wa Marekani. Wale waliokuwa na viwango vya juu vya PFAS zote 7 zilizopimwa walikuwa na hatari ya kupata presha kwa asilimia 71 zaidi. Najua, utafiti mmoja si hukumu. Lakini kwani mpaka tuzike wangapi ndio tuulize maswali?

Utaniambia ninunue pani imeandikwa haina PFOA. Buda, hapo ndipo unachezwa. Wametoa moja, maelfu yamebaki. PFOA ilipochomwa jina, kiwanda kilileta GenX, ambayo pia ni PFAS. Ni kama kumfukuza mwizi halafu unampa ndugu yake funguo.

Kenya iko ndani ya Mkataba wa Stockholm tangu 2004. PFOS iliwekwa kwenye orodha 2009, PFOA ikafuata 2019. Miaka 10 kati ya kemikali mbili! Kwa mwendo huo, maelfu zitaisha lini?

Nimegeuza pani yetu juu chini, nikatafuta hata neno moja kuhusu kilichopakwa ndani. Hakuna. Mathe atajilindaje na kitu hakijaandikwa?

Kwa hivyo, KEBS na bunge: lazimisheni kila bidhaa iandikwe kama ina PFAS, halafu mpige marufuku familia yote, si mtoto mmoja mmoja. Mathe ashatoa chumvi kwa chakula. Nyinyi mmetoa nini?