Sukari haianzi siku daktari anapoitaja

Katika komine za Katuba, Kenya na Kampemba, mjini Lubumbashi, ugonjwa wa sukari unazungumzwa kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Mtu alikuwa mzima, anakula bukari yake, anakwenda kazini. Kisha kidonda cha mguu kinakataa kupona, anapelekwa hospitali, ndipo familia inasikia neno kisukari. Wengine wanatafuta aliyemroga. Lakini kisukari cha aina ya pili hakiji ghafla. Kinajengeka mwilini kwa miaka mingi.

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kuisaidia sukari itoke katika damu na kuingia kwenye misuli. Mtu akinenepa tumboni na kutembea kidogo, mwili unaanza kutoitii homoni hiyo. Kongosho linajibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi. Katika kipindi hicho sukari ya damu inaweza kuonekana ya kawaida, na mtu hasikii maumivu yoyote. Kongosho linapochoka, insulini haitoshi tena, na sukari inapanda.

Watafiti wa Uingereza waliwafuatilia watumishi wa serikali zaidi ya 6.500 wa mjini London, wakatoa matokeo mwaka 2009. Watu 505 kati yao walipata kisukari. Kwa hao, mwili uliacha kuitii insulini kwa kasi katika miaka mitano ya mwisho kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Kongosho liliongeza kazi kati ya mwaka wa nne na wa tatu kabla, kisha likaporomoka.

Miaka hiyo ya kimya ndiyo nafasi ya kuokoa watu. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulihusu watu 3.234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliosaidiwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwa waliopewa vidonge vya metformini, ilipungua kwa asilimia 31.

Lubumbashi inaipoteza nafasi hiyo, na si haki kuwalaumu wakaaji peke yao. Enzi za Union Minière na baadaye Gécamines, mfanyakazi na familia yake walitibiwa katika hospitali za kampuni. Leo wengi wanalipa kutoka mfukoni, na mwenye franka chache hawezi kuzitoa kwa ajili ya kipimo wakati anajiona mzima. Isitoshe, tumbo kubwa bado linasifiwa kuwa dalili ya maisha mazuri.

Wapo watakaosema malaria na kipindupindu vitangulie. Ni kweli vinaua haraka. Lakini wauguzi wa vituo vya afya tayari wanajua kuchoma kidole na kuchukua tone la damu kwa kipimo cha malaria. Cha sukari hakihitaji ujuzi mkubwa zaidi, wala si lazima kupima insulini yenyewe. Asubuhi kabla ya kula, sukari ya miligramu 110 hadi 125 kwa desilita ni onyo kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani. 126 na zaidi, ikithibitishwa, ni kisukari.

Serikali ya jimbo la Haut-Katanga ingeweza kuanza na kipimo cha bure, mara moja kwa mwaka, kwa waliozidi miaka 40, wenye tumbo kubwa, wenye mzazi mgonjwa, na akina mama waliopata sukari wakati wa mimba. Kampuni zinazochimba shaba na kobalti za jimbo hili zichangie. Gharama ya vipimo ni ndogo kuliko ya insulini ya kila siku, na mguu ukishakatwa haurudi.