Vuli si Msimu wa Kuaga

Umekuwa mtindo katika mashairi na tafsiri za Kiswahili kumfanya ndege anayehama kuwa alama ya majonzi. Ifikapo Oktoba ndege huruka, mshairi hubaki akitazama mbingu tupu, na msomaji hutakiwa alie. Kilio hicho si cha Unguja. Kimeagizwa kutoka Ulaya na kuvishwa kanzu bila kupimwa na fundi.

Huko Ulaya kilio kina sababu. Majani hupukutika, baridi huingia, mbayuwayu huondoka. Mfasiri akifika hapo huandika "vuli", akadhani kazi imekwisha. Lakini vuli ya visiwani ni mvua, ni kupanda, ni majani kuchipua. Msomaji wa Makunduchi anayesoma kwamba vuli imekausha miti ana haki ya kuuliza ni miti ya wapi. Na mbayuwayu yule aliyeliliwa London, huku ndio kwanza anawasili.

Hilo ndilo kosa kubwa zaidi: tafsiri imegeuza kuja kuwa kwenda. Tangu Agosti mpaka Novemba, kusi ikipungua na kaskazi ikijiandaa, Unguja hupokea wageni. Maji yakipwa Ghuba ya Chwaka, matope hujaa ndege wadogo ambao baadhi yao walizaliwa miezi michache kabla huko Siberia, karibu na ncha ya dunia. Kozi wa namna mbalimbali hupita angani wakielekea kusini. Anayetaka kulia na asubiri masika. Machi na Aprili ndiyo miezi ya kuaga, kwa ndege kama ilivyokuwa kwa majahazi yaliyoletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi. Kalenda hiyo ilijulikana katika kila nyumba ya Mji Mkongwe kabla ya kitabu chochote cha shule.

Yupo ndege mmoja mweupe, mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huzaliana kwenye mchanga wa pwani na visiwa vya Oman, Iran na nchi jirani za bahari ile. Hutaga yai moja tu, jeupe, ndani ya shimo alilochimba mwenyewe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kisha huja pwani ya Afrika Mashariki, na kinda aliyekwisha kuruka huendelea kulishwa na mzazi wake ugenini. Mshairi anayetafuta taswira ya Maskati na Unguja, ya mzazi na mwana, ya safari na riziki, anatafuta nini zaidi ya hapo? Taswira hii imo matopeni, haihitaji viza wala kamusi ya Kiingereza.

Wako watakaojibu kwamba ushairi si elimu ya wanyama, na kwamba "ndege" ni fumbo linalotosha. Fumbo halikatazwi. Lakini fumbo hufumbwa juu ya kitu kinachojulikana. Asiyekijua kitu hafumbi, anabahatisha. Mwenye kumwita mpenzi wake tausi au njiwa amechagua, kwa kuwa anajua tofauti ya madaha na upole. Mwenye kuandika "ndege" kwa sababu hajui jina jingine hakuchagua kitu.

Na majina yapo. Yangeyange, buabua, shakwe, kozi, korongo, na sululu, ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu, ambaye jina lake ni moja na la chombo cha kuchimbia. Padri Sacleux alikusanya hazina kubwa ya maneno ya pwani katika kamusi yake iliyoanza kuchapishwa Paris mwaka 1939. Orodha ya ndege wa Unguja na Pemba iliyoandikwa na Pakenham ilitoka mwaka 1979, kwa Kiingereza. Kwa miaka mingi wageni wenye darubini wamekwenda kwenye mafunjo ya Bwawani, hatua chache kutoka Malindi, kutazama ndege. Si dhambi yao. Aibu ni ya wenye lugha, waliowaachia wengine kazi ya kutaja vilivyomo uani mwao.

Tena kuna hatari ya kweli. Hori lililoukata mji lilifukiwa katika karne ya 20; leo Darajani hakuna daraja, limebaki neno bila kitu. Kwa ndege wa kaskazi mambo yanakwenda kinyume: kitu kingalipo, neno linatoweka. Ghuba ya Chwaka imo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2004, pamoja na Jozani, lakini sheria hulinda mikoko, hailindi majina. Na mikoko yenyewe, iliyotoa boriti za dari za Mji Mkongwe, bado hukatwa kwa kuni na mkaa. Kisicho na jina hakina mtetezi. Kikifukiwa, hakuna atakayejua kilichopotea.

Basi washairi wateremke pwani maji yanapokupwa, wawaulize wavuvi na akina mama wa mwani yule ni nani, na huyu ni nani. Wahariri nao wairudishe kila tafsiri ambayo vuli yake inapukutisha majani ya mkarafuu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji asiyejua jina la mgeni wake ataponaje?